Sura ya Sita: Shubiri Mbele ya Mizani

Katika mimea yote ambayo watu wa mwambao wameizoea kuiona penye nyua zao, ni michache iliyojaaliwa sifa nyingi kama mshubiri, mmea wa majani manene yenye miiba pembezoni, usiodai maji mengi wala udongo wa rutuba, ambao jani lake hukatwa upesi mtoto aunguapo kwa maji ya moto, na ambao utomvu wake mchungu umewasaidia akina mama wa vizazi na vizazi kuwaachisha watoto wao ziwa. Sifa hizo zina nasaba ndefu. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya kwanza ya Masihia, aliuandika mmea huu katika kitabu chake cha dawa. Na Sokotra, kisiwa kilicho mbele ya Ghuba ya Aden ambacho manahodha wa pepo za msimu walikijua vyema, kilivuma kwa shubiri yake kwa karne nyingi, hata wasimulizi wa Kiarabu wakahadithia kwamba Aristotle ndiye aliyemshauri Iskandari Mkuu akitwae kisiwa hicho kwa ajili ya dawa hiyo.

Lakini sifa iliyopokewa kwa masimulizi, ijapokuwa ni ya zama nyingi, haimjibu mgonjwa swali lake la pekee: je, mmea huu utaniondolea maradhi haya niliyo nayo? Sura hii italitazama swali hilo katika maradhi mamoja tu, nayo ni soriasisi, kwa kuwa katika maradhi hayo shubiri imekwisha kupimwa zaidi ya mara moja kwa kanuni za utabibu wa leo, na vipimo hivyo vikahitilafiana hitilafu kubwa, na katika hitilafu hiyo mna elimu ambayo kila mtu atumiaye dawa za miti, na kila mtu azitengenezaye na kuziuza, imempasa aijue.

Kwanza yafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Jani la mshubiri likikatwa hutoa, chini kidogo ya ganda lake, utomvu wa manjano ulio mchungu mno. Huo ndio uliokaushwa na kusafirishwa majahazini tangu zamani, na kazi yake ilikuwa kuharisha. Ndani zaidi, katikati ya jani, mna ute usio na rangi ya kusemwa, ambao karibu wote ni maji, na katika sehemu ndogo iliyobaki mna sukari za minyororo mirefu ambazo wakemia wanazihusisha na nguvu ya ute huo. Dawa za kupaka hutengenezwa kwa ute, wala si kwa utomvu. Mwaka 1935 matabibu wawili wa Marekani wenye jina la Collins waliandika kwamba jani bichi la mshubiri lilimfaa mgonjwa ambaye ngozi yake iliunguzwa na miale ya eksirei, na tangu hapo ute huo ukaingia kwa kishindo katika maduka ya dawa na ya vipodozi, ukisifiwa kwa kila doa, kila mwasho na kila jeraha.

Sasa tuyatazame maradhi yenyewe. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya hujifanya upya kwa muda wa takriban mwezi mmoja: seli huzaliwa chini, hupanda juu polepole, hufa na kupukutika pasipo mwenyewe kuhisi. Kwa mwenye soriasisi mwendo huo hukamilika kwa siku chache tu, kwa sababu kinga ya mwili, ambayo iliwekwa ili ipambane na vijidudu, huamka pasipo adui na kuiamuru ngozi ikue kwa haraka iliyopita kiasi. Hapo hutokea mabaka manene yenye magamba meupe, aghalabu viwikoni, magotini, kichwani chini ya nywele na kiunoni. Kucha huweza kuingia vishimo na kubanduka, na kwa baadhi ya wagonjwa viungo huvimba na kuuma hata mtu akashindwa kukunja kiganja. Maradhi haya hayaambukizi kwa kushikana mkono, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala kitanda kimoja. Chanzo chake kimo katika urithi wa damu pamoja na mambo yanayoyaamsha, kama vile homa ya koo, dhiki ya nafsi, baadhi ya dawa, au hata mkwaruzo wa ngozi, kwani tangu karne ya 19 tabibu wa Kijerumani Heinrich Köbner alikwisha onyesha kwamba baka jipya huweza kuota pale pale ngozi ilipojeruhiwa.

Kwa karne nyingi wenye maradhi haya walichanganywa na wenye ukoma, wakatengwa nao na kuonewa kinyaa nao. Robert Willan, tabibu wa London, aliyaeleza kwa uangalifu mwanzoni mwa karne ya 19, na Ferdinand von Hebra wa Vienna akayatenga kabisa na ukoma mwaka 1841; walakini dhana iliyofutwa vitabuni haikufutika mitaani, na hata leo wako watu wasiotaka kukaa karibu na mwenye mabaka katika basi wala kunyolewa kwa mashine iliyomnyoa yeye. Mwezi wa Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio linalokiri kwamba soriasisi ni maradhi sugu, yenye maumivu, yanayoumbua na kulemaza, na ambayo hayajapatiwa dawa ya kuyakata kabisa. Na katika ripoti yake ya mwaka 2016 Shirika hilo likakadiria kwamba walio nayo duniani hawapungui milioni 100. Mtu aliye katika hali hiyo, akiambiwa kwamba mmea ulioko nyuma ya nyumba yake una dawa, hawezi kulaumiwa akiukimbilia. Wa kulaumiwa ni sisi tunaojua kuandika na kupima, tukimwacha akimbie gizani.

Na giza hilo ni nene, kwa sababu soriasisi ni katika maradhi yanayomhadaa mpimaji kuliko mengine mengi. Tabia yake ni kupanda na kushuka: mwezi huu mabaka yanawaka, mwezi ujao yamefifia, na mara nyingine hutoweka kwa miezi mizima pasipo dawa yoyote. Jua la kiasi huyapunguza, na utulivu wa moyo huyapunguza. Hata mafuta matupu yasiyo na dawa ndani yake, yakipakwa asubuhi na jioni, hulainisha magamba na kuyaangusha, na baka likaonekana kuwa limepata nafuu. Fauka ya hayo, mgonjwa hutafuta dawa mpya pale hali yake inapokuwa mbaya zaidi ya siku zote, nayo hali iliyofika kilele chake aghalabu hushuka yenyewe. Kwa hiyo dawa yoyote iliyoanzwa siku hiyo, iwe shubiri au maji ya kisima, itapewa shukrani isiyo haki yake. Wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi, na dawa iliyopimwa peke yake, pasipo mwenzake wa kulinganishwa naye, ndiyo msema pweke wa utabibu.

Jambo hili halikuvumbuliwa na watu wa Ulaya wa karne iliyopita. Tabibu Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu cha pili cha Al-Qanun, kazi yake ya utabibu, masharti ya kuijaribu dawa: kwamba iwe safi isiyochanganyika na sifa ngeni, kwamba ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja ulio bayana, si kwa magonjwa yaliyosongamana, kwamba ijaribiwe kwa magonjwa yaliyo kinyume, ili ijulikane kama imeponya kwa dhati yake au kwa sadfa, kwamba nguvu yake ilingane na nguvu ya maradhi, kwamba wakati wa kufanya kazi kwake uangaliwe, kwamba taathira yake ionekane daima au katika watu wengi, kwani la mara moja huweza kuwa la bahati, na kwamba ijaribiwe katika mwili wa binadamu, kwa kuwa lililofaa kwa simba au farasi haliwi hoja juu ya mtu. Msomaji atakayeyashika masharti haya atayakuta mengi yake, yakiwa yamevaa nguo mpya, katika majaribio tutakayoyasimulia.

Nguo hizo mpya ni nne. Ya kwanza ni mlinganisho: kundi moja hupewa dawa, na jingine hupewa dawa tupu, yaani krimu au jeli iliyofanana na ya kwanza kwa rangi, kwa harufu na kwa ulaini, isipokuwa haina kile kinachojaribiwa. Ya pili ni kura: mgonjwa hachaguliwi kundi na tabibu wala hajichagulii, maana tabibu mwenye huruma angewapa dawa walio hoi, na tabibu mwenye tamaa ya sifa angewapa walio karibu kupona, na kila mmoja angeiharibu hesabu kwa njia yake. Ya tatu ni siri: wala mgonjwa wala anayempima hajui nani amepata nini mpaka jaribio liishe, kwa kuwa tumaini huingia machoni mwa mtu na kumwonyesha nafuu isiyokuwapo. Ya nne ni kipimo kilichoafikiwa kabla ya kuanza, ili baada ya kumaliza pasiwepo mtu wa kuchagua alama zinazompendeza na kuziacha zinazomuudhi. Kadhi mwadilifu hahukumu kwa kusikia upande mmoja, wala hawaachi mashahidi wakapanga maneno yao pamoja nje ya mahakama. Na mpimaji wa dawa naye hali yake ni hiyo hiyo.

Kwa soriasisi kipimo kinachotumika zaidi ni kile kilichotolewa mwaka 1978 na Fredriksson na Pettersson wa Sweden, kinachojulikana ulimwenguni kwa herufi PASI. Mwili hugawanywa sehemu nne: kichwa, mikono, kiwiliwili na miguu, katika kila sehemu wekundu, unene na magamba hupewa alama kuanzia 0 mpaka 4, na ukubwa wa eneo lililoshikwa hupewa alama kuanzia 0 mpaka 6, kisha kila sehemu huzidishwa kwa kadiri ya nafasi yake mwilini, na jumla huanzia 0, yaani ngozi safi, mpaka 72, yaani hali isiyokuwa na ubaya zaidi yake. Ni kipimo chenye faida kubwa, illa msomaji wa Afrika yafaa atambue upungufu wake mmoja: kilitungwa na watu waliozoea kuitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu wa soriasisi huonekana kama zambarau iliyokolea, au hudhurungi, au kijivu, na mpimaji asiyeizoea anaweza kuandika kwamba baka ni hafifu ilhali linawaka. Tena baka likiisha kupona huacha doa jeusi zaidi au jeupe zaidi kwa miezi mingi, na asiyejua hulihesabu doa hilo kuwa maradhi yangalipo. Majaribio yatakayofanywa kwetu hayana budi kufanywa na macho yaliyofundishwa juu ya ngozi ya watu wetu.

Baada ya maelezo hayo tunaweza kuyasikiliza majaribio yenyewe. Mwaka 1996 jarida moja la utabibu wa nchi za joto lilichapisha kazi ya kundi la watafiti lililoongozwa na T. A. Syed. Wagonjwa 60 wenye soriasisi ya mabaka, wanaume 36 na wanawake 24, waligawanywa sawasawa: 30 walipewa krimu yenye dawa iliyokamuliwa katika shubiri kwa kiasi cha asilimia 0.5, na 30 walipewa krimu hiyo hiyo pasipo shubiri. Walijipaka wenyewe nyumbani mara tatu kwa siku, siku tano mfululizo za kila juma, kwa muda usiozidi majuma manne, na siri ilitunzwa pande zote mbili. Kisha waliendelea kuangaliwa hata miezi 12 ikatimia. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Katika waliopaka shubiri, 25 kati ya 30, yaani asilimia 83.3, waliandikwa kuwa wamepona. Katika waliopaka krimu tupu walikuwa 2 tu, yaani asilimia 6.7. Mabaka yenyewe yalipohesabiwa moja moja, 328 kati ya 396 yalitoweka upande wa shubiri, na 28 kati ya 366 upande wa pili.

Lau elimu ingekomea hapo, mjadala ungekwisha, na kila hospitali ingepanda mishubiri uani. Mwaka 1999 watafiti Vogler na Ernst walipoyakusanya majaribio yote ya shubiri yaliyokuwa yamechapishwa kwa maradhi mbalimbali, walihukumu kwa tahadhari kwamba huenda mmea huu unafaa kwa soriasisi, lakini ushahidi bado ni mchache na unahitaji kukaziwa. Tahadhari hiyo ilikuwa ya busara, kwani haikupita miaka mingi ila shahidi wa pili akaja na maneno mengine.

Shahidi huyo alitoka Denmark. Mwaka 2005 Paulsen, Korsholm na Brandrup walichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 41 wenye soriasisi ya wastani au chini yake, kwa mpango ulio tofauti: badala ya kuwagawanya watu makundi mawili, waliugawanya mwili wa kila mmoja pande mbili, kulia na kushoto, upande mmoja ukapakwa jeli ya shubiri iuzwayo madukani na upande wa pili jeli tupu, kura ikiamua upande upi upate nini. Mpango huu una uzuri wake, kwa sababu pande mbili za mtu mmoja zina urithi mmoja, zinakula chakula kimoja, zinapata huzuni moja na jua moja, kwa hiyo tofauti itakayoonekana baina yake haina pa kusingiziwa ila dawa. Wagonjwa waliacha kwanza dawa zao za kupaka kwa majuma mawili, kisha wakapaka mara mbili kwa siku kwa majuma manne, wakaangaliwa tena baada ya mwezi na baada ya miezi miwili. Wagonjwa 40 walifika mwisho. Alama za wekundu, unene na magamba zilipungua katika asilimia 72.5 ya sehemu zilizopakwa shubiri. Na katika sehemu zilizopakwa jeli tupu zilipungua katika asilimia 82.5. Dawa tupu iliishinda shubiri, na zaidi ya nusu ya wagonjwa, asilimia 55, walilalamika kwamba ngozi iliyopakwa ilipata madhara madogo, aghalabu kukauka.

Hapa ndipo msomaji mwenye haraka hushika njia mojawapo kati ya mbili mbaya: ama atasema kwamba sayansi haina msimamo, au atachagua jaribio linalompendeza na kulificha la pili. Muuza dawa atakutajia mwaka 1996, na mpinga miti shamba atakutajia mwaka 2005, na kila mmoja ataapa kwamba ana ushahidi. Insafu inatudai tuyaulize majaribio yote mawili maswali yale yale.

Swali la kwanza ni la hesabu. Asilimia 83.3 ya mwaka 1996 na asilimia 72.5 ya mwaka 2005 hazipimi kitu kimoja. Ile ya kwanza ni watu waliohesabiwa kuwa wamepona. Hii ya pili ni sehemu za ngozi ambazo alama zake zimepungua, hata ikiwa zimepungua kidogo tu. Kupungua ni jambo jepesi na kupona ni jambo zito, na mtu azilinganishaye tarakimu hizi mbili bila kuyatazama maneno yaliyo nyuma yake huwa amelinganisha urefu na uzito.

Swali la pili ni la dawa yenyewe. Kilichopakwa mwaka 1996 kilikuwa kiasi kidogo cha dawa ya shubiri ndani ya krimu, na krimu huifunika ngozi na kuihifadhia unyevu. Kilichopakwa Denmark kilikuwa jeli, na jeli ya maji hukauka juu ya ngozi na kuiacha imekaza. Tena shubiri si kitu kimoja duniani kote: ute wa jani hubadilika kwa umri wa mmea, kwa mvua na kiangazi, kwa joto la mtambo na kwa siku zilizopita tangu jani kukatwa, na sukari zile ndefu zinazodhaniwa kuwa ndizo zenye nguvu huvunjika upesi zisipotunzwa. Sharti la kwanza la Ibn Sina, kwamba dawa iwe safi isiyochanganyika, ndilo lililo gumu kuliko yote kwa dawa za miti, na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Swali la tatu ni la dawa tupu. Huko Denmark jeli isiyo na shubiri ilifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na watafiti wenyewe wakakiri kwamba huenda jeli hiyo ilikuwa na taathira yake, ikaifanya shubiri ionekane dhaifu kuliko ilivyo. Lakini ungamo hilo halimpi nguvu muuza shubiri. Linatufundisha kwamba kulainisha ngozi ni sehemu kubwa ya tiba ya maradhi haya, na kwamba sifa nyingi za mimea ya kupaka huenda zilikuwa tangu hapo ni sifa za mafuta na maji yaliyochanganywa nayo.

Shahidi wa tatu alikuja kutoka Thailand mwaka 2010. Choonhakarn na wenzake waliwapima wagonjwa 80 kwa majuma manane, nusu wakapaka krimu ya shubiri na nusu wakapaka triamsinoloni ya asilimia 0.1, ambayo ni dawa ya hospitali ya jamii ya steroidi yenye nguvu ya wastani. Alama za PASI zilishuka kwa wastani wa 7.7 kwa waliopaka shubiri na wa 6.6 kwa waliopaka steroidi. Ni habari njema, nami naipokea kwa furaha. Lakini kwa kuwa jaribio hilo halikuwa na kundi la krimu tupu, haliwezi kutuambia ni kiasi gani cha nafuu hiyo kilitoka katika mmea na ni kiasi gani kilitoka katika krimu, na swali lililoulizwa Denmark likabaki mahali pake.

Asije mtu akadhani kwamba mimea yote huishia katika mashaka namna hii. Huko Taiwan daktari Yin-Ku Lin na wenzake wa Hospitali ya Kumbukumbu ya Chang Gung waliichukua dawa ya kale ya Kichina itokanayo na majani ya nili, ambayo hurowekwa majini, yakakorogwa kwa chokaa, na povu lake la samawati likaenguliwa na kukaushwa, wakaitengeneza marhamu na kuilinganisha na marhamu tupu katika mwili wa kila mgonjwa, baka kwa baka. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 2008 ilihusu wagonjwa 42 ambao maradhi yao yalikuwa yamezikaidi dawa nyingine, na kwa 31 miongoni mwao baka lililopakwa nili lilisafika kabisa au karibu na kusafika. Na hawakutosheka na sifa hiyo: waliijua kasoro ya marhamu yao, kwamba inapaka samawati ngozi na nguo, wakaendelea kuisafisha, wakakitafuta kitu chenye nguvu ndani yake, kiitwacho indirubini, kisha wakajaribu viwango vyake mbalimbali ili wajue kipi kinatosha. Hiyo ndiyo njia ya dawa mujarabu, na ni njia ndefu inayomtaka mtu awe na subira na uaminifu kwa pamoja.

Nili hiyo hiyo inatufunza pia juu ya hatari. Wagonjwa wa Japani wenye vidonda vya utumbo mpana waliokuwa wakiimeza kwa tiba yao, baadhi yao walipatwa na shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu, na mwezi wa Desemba 2016 wizara ya afya ya nchi hiyo ikatoa onyo. Shubiri nayo haikusalimika: utomvu wake wa kuharisha uliondolewa katika dawa ziuzwazo bila cheti huko Marekani mwaka 2002, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru, na asili yake ya shambani haikiondolei nguvu hiyo. Lililo salama juu ya ngozi halilazimiki kuwa salama tumboni.

Kwetu Afrika Mashariki hatukosi mahali pa kuanzia. Muhimbili, Dar es Salaam, kumekuwa na utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna Kituo cha Kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho tangu mwaka 1992 kimewafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Na vijijini wako waganga wa miti shamba wenye maarifa waliyorithi kwa wazee wao, ambao wengi wangekubali dawa zao zipimwe kama wangehakikishiwa kwamba haki yao haitaporwa. Jaribio la pande mbili za mwili halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji mmea uliotambuliwa kwa jina lake sahihi, marhamu tupu iliyotengenezwa kwa uangalifu, kura isiyochezewa, wapimaji wasiojua upande upi ni upi, wagonjwa walioelezwa yote na kuridhia kwa hiari yao, na watu wenye ujasiri wa kuyachapisha matokeo hata yakija kinyume cha matumaini yao.

Wako watakaosema kwamba kuzipima dawa za wazee ni kuwavunjia heshima. Mimi naona kinyume cha hayo. Anayeipima dawa ya bibi yake kwa insafu ameichukulia kwa uzito wake wote, na ikithibiti atakuwa ameitoa uani na kuwafikishia wagonjwa wa ulimwengu mzima. Bali anayeisifu pasipo kuipima, na kuiuza kwa bei aitakayo kwa mtu aliyekata tamaa, ndiye anayelitumia jina la wazee kwa faida ya mfuko wake.

Basi kwa mwenye soriasisi asomaye ukurasa huu, hukumu ni hii. Ute wa shubiri, ukipakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha, ni mara chache kumletea mtu madhara makubwa, na huenda ukakulainishia ngozi yako. Lakini kwamba unaiponya soriasisi bado haijathibitika, kwa kuwa mashahidi wake hawajaafikiana. Usimeze utomvu wake kwa ajili ya maradhi haya, usiache dawa uliyoandikiwa pasipo kushauriana na aliyekuandikia, na ukiumwa na viungo mwone daktari mapema. Na yeyote atakayekuletea chupa na kukuapia kwamba imewaponya wengi, muulize maneno matatu tu: walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na ni nani aliyewapima bila kujua walichopewa.